Bandari ya Barfleur imekufa?

SWALI: Mwanangu baharia amenitumia picha ya kijiji cha Barfleur, Ufaransa. Mashua zimelala matopeni. Bandari imekufa? – Mama wa Likoni, Mombasa

JIBU: La, mama, maji yamekupwa tu, yakijaa zitaelea. Barfleur iko Normandy, pembeni mwa rasi ya Cotentin. Usiidharau kwa udogo wake! Novemba 25, 1120, Merikebu Nyeupe iling'oa nanga hapo usiku, ikagonga mwamba karibu tu na bandari. William, mwana wa pekee wa ndoa wa Mfalme Henry I wa Uingereza, akazama. Msiba mzito: mfalme alipofariki mwaka 1135, jamaa waligombea kiti kwa vita. Mkondo wa pale ungali mkali, na jirani, Gatteville, umejengwa mnara wa taa wa mita 75 hivi.