Kabla Hujaliacha Jina la Baba Yako

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayekaribia kuolewa aliniandikia akiuliza iwapo kukataa jina la ukoo la mume ni kumvunjia heshima. Swali lake lilinitonesha kidonda, kwa kuwa mimi nililibadili langu mara tu baada ya harusi, bila kumuuliza yeyote, nikiamini kwamba ndivyo afanyavyo kila mke duniani.

Kumbe sivyo. Nchini Iceland wengi huitwa kwa jina la baba, au la mama, lenye kiishio cha -son (mwana) au -dóttir (binti), na ndoa hailigusi. Nchini Hispania mtu hubeba majina mawili ya ukoo, la upande wa baba na la upande wa mama, na mwanamke huolewa nayo yote mawili. Huko Quebec, jimbo la Kanada, tangu 1981, mke hutakiwa kisheria kuendelea na jina alilozaliwa nalo. Japani ndiyo iliyoshika njia nyingine: kifungu cha 750 cha sheria yake ya kiraia kinawataka wanandoa wawe na jina moja la ukoo, na Mahakama ya Juu ilikiunga mkono mwaka 2015 na tena 2021. Kifungu hakisemi liwe la nani, lakini katika ndoa takriban 95 kati ya 100 anayeliacha lake ni mke.

Vyeti vyangu vyote vya masomo vilikuwa na jina la baba. Nilipoomba kazi niliyoitamani kwa miaka, nikaambiwa kwamba mwenye vyeti na mwenye pasipoti ni watu wawili. Nilipeleka cheti cha ndoa, wakataka na hati ya kiapo. Nilipoirudisha, nafasi ilikuwa imeshapata mtu. Mume wangu akanifariji kwamba jina ni jina tu. (Kama ni jina tu, mbona hakuchukua langu? Sikuthubutu kumuuliza.)

Kwa hiyo, dada yangu, zungumzeni kabla ya harusi, wala usingoje uambiwe wakati umeshavaa pete. Ukiamua kubadili, badilisha hati zote kwa mfululizo, usiache hata moja nyuma. Nanyi waume, acheni kuupima upendo wa mke kwa saini yake! Na narudia: zungumzeni mapema.

Siku hizi natia saini kwa majina yote mawili, la baba likitangulia.