Slaidi ya damu haina juu wala chini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea kompyuta. Mradi wangu ni kufundisha mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, kutambua vimelea vya malaria kwenye picha za hadubini. Picha ninazo chache, kwa hiyo kila moja naizungusha pande nne ndipo nafunzia. Laptopu inakesha. Mwenzangu anadai ipo mitandao inayojua mzunguko yenyewe. Ni kweli, au ananitania?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hakutanii. Mwaka 2016 Taco Cohen na Max Welling wa Amsterdam waliiacha picha ilivyo, wakazungusha kichujio, yaani kijedwali cha namba kinachopitishwa juu ya picha kutafuta umbo fulani: nakala nne, nyuzi 0, 90, 180 na 270, zote zikitumia namba zilezile. Kwenye picha za tarakimu zilizozungushwa, makosa yalishuka kutoka asilimia 5.03 hadi 2.28, na namba za kujifunza za mtandao wala hazikuongezeka.

Hesabu yake uifanye kwa makini, maana ndipo wengi wanapoumia. Tabaka, yaani hatua moja ya mtandao, la kawaida la ramani (picha za majibu ya vichujio) 64 kuingia na 64 kutoka, kichujio cha 3 kwa 3, lina namba 36,864 za kujifunza. Weka vichujio 16 tu, kila kimoja kizungushwe mara nne: ramani zinabaki 64, kazi ya laptopu ileile, namba zinashuka hadi 9,216. Kwa picha chache kama zako, mimi ningeanzia hapo. Ukiingiwa na tamaa ukaweka 32, namba zinarudi 36,864 na kazi inakuwa mara nne. Utakesha tena.

Tabaka la mwisho, kati ya majibu ya pande nne chukua lililo kubwa zaidi.

Halafu angalia ukubwa wa picha. Yenye pikseli 64 kila upande, kichujio kikiruka pikseli mbilimbili, kitovu cha kichujio kinaanzia ukingoni kushoto lakini kulia hakifiki ukingo. Ukiizungusha, majibu hayalingani. Kata picha za pikseli 65: kila tabaka la kuruka litaishusha, 33, 17, 9, kila mara sawa pande zote. Kisha pima: ingiza picha, izungushe nyuzi 90, ingiza tena. Tofauti ikizidi vijidesimali vya mwisho, kuna tabaka limevunja ulinganifu, lisake.

Nyuzi za katikati, kama 30, hazimo kwenye ulinganifu huu wa pande nne, kwa hiyo mzunguko mdogo wa picha usiuache kabisa. Nakala za kichujio zilizogeuzwa kama kwenye kioo nazo ruksa, jumla zifike nane, kwa sababu damu haina kushoto. Picha za kanga ningekukataza: zina maandishi.