Jibu: Mlio wa tik-tik asubuhi na kodi P0420

Salama mkuu. Umeuliza: gari inapiga tik-tik ikiwa baridi, ikipata moto inatulia, na mashine ya kupima hitilafu inasoma kodi (namba ya hitilafu) P0420, yaani masega hayasafishi moshi vya kutosha. Usinunue masega (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi) kwanza. Asubuhi kabla injini haijapata moto, iwashe, mtu azibe bomba la nyuma kwa tambara nene sekunde chache, wewe nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio. Povu au masizi pale manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa injini) inapokutana na silinda hedi (kichwa cha injini)? Basi gasketi (kizibo cha katikati ya maungio) ya hapo ndiyo inavuja. Uvujaji ukiwa kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje inanyonywa na sensa (kifaa cha kupima oksijeni kwenye moshi) inadanganyika, ndo kodi hiyo inatokea hata kama masega ni mazima. Ukifunga gasketi mpya, pima kwa rula kama manifoldi haijapinda, kaza nati kuanzia katikati kwenda nje. Silikoni usipake, itaungua tu. Futa kodi, ikirudi bila uvujaji, hapo ndo ushuku masega.