Re: Warumi walimtoa wapi yule "Mama Mkuu"?

Mkuu umeuliza kama Cybele, yaani huyo "Mama Mkuu", alikuwa mungu wa Warumi tangu mwanzo. Hapana aisee, huyo mama ni wa Frigia, hapo Uturuki ya leo, na wenyeji walimwita Matar tu, yaani Mama, mama wa milima na simba.

Roma alifika mwaka 204 KK, Hannibal, yule jemadari wa Karthago aliyekuwa akipigana na Roma, bado yuko Italia na watu wana hofu kweli, wakafungua vitabu vyao vya unabii vikasema mleteni Mama, basi wakatuma wajumbe, na kilicholetwa kwa meli ni jiwe jeusi! Arnobius, mwandishi Mkristo wa zamani hizo za Warumi, anasema lilikuwa dogo, mtu analibeba mkononi bila shida, lina kona kona, na kwenye sanamu waliliweka pale pa uso. Hebu fikiria unasali mbele ya uso wa jiwe bichi lisilochongwa, mimi hapo huwa nasisimka kabisa.

Hekalu lake kilimani Palatino lilizinduliwa 191 KK. Ila makuhani wake walikuwa wanajihasi, na raia wa Roma alikatazwa kabisa kujiunga nao. Mama walimtaka, mambo yake mengine yakawashinda.