Mvua imeanza: mshubiri, bogenvilia na maua ya Lushoto

Mshubiri wangu uko kwenye kopo barazani. Tangu mvua za masika zianze, majani ya chini yamekuwa laini kama yaliyochemshwa. Ni ugonjwa? (Tabata)

Ni maji. Udongo ukilowa siku nyingi mizizi hukosa hewa, ikaoza. Ung'oe, ukung'ute udongo, kisha kwa kisu kisafi kata mizizi yote ya kahawia inayoteleza ukiishika. Uweke kivulini siku 4 mpaka majeraha yakauke. Panda upya kwenye mchanganyiko wa kopo 1 la udongo, kopo 1 la mchanga wa mto na nusu kopo la kokoto ndogo. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache hukohuko. Toboa chini matundu 5 yanayopitisha kidole, kopo likae juu ya matofali 2, na kile kisahani cha chini ukiondoe kabisa. Maji ya kwanza ni baada ya wiki.

Bogenvilia yangu ni majani matupu, nami naimwagilia kila jioni. (Mbezi)

Acha kuimwagilia. Maji mengi na samadi nyingi huleta majani. Ipate jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku, na kila maua yakiisha punguza matawi kwa theluthi moja, maana maua hutoka kwenye machipukizi mapya.

Nimejenga Lushoto, nakwenda mara moja kila miezi 2. Bogenvilia niliyoitoa Dar imedumaa. Nipande nini kisichonisumbua? (Kinondoni)

Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Bogenvilia hukosa joto ililolizoea. Panda haidrenjia, kichaka cha maua kinachopenda ubaridi na unyevu. Omba kwa jirani tawi lisilo na ua, la sentimita 15, likatwe chini kidogo ya kifundo, yaani pale jani linapotokea. Bakisha majani 2 ya juu, nayo uyakate nusu yasipoteze maji, kisha chomeka kivulini mvua zinapoanza. Likishika, tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 bila kugusa shina. Magugu yatakosa mwanga hata usipokuwepo. Udongo wenye tindikali hutoa maua ya buluu, wenye chokaa hutoa ya waridi. Majivu hufanya kazi kama chokaa, kwa hiyo mlinzi akimwaga majivu ya jikoni pale shinani kila siku, buluu itafifia.

Samadi ya kuku imeletwa leo. Niiweke leo? (Kigamboni)

Hapana, mbichi huunguza mizizi. Irundike chini ya turubai miezi 3, uigeuze kila wiki 2. Ikiwa nyeusi, inavunjika mkononi na haina tena harufu kali, iko tayari.