Sayari yenye pete: Zohali au Sarateni?

SWALI: Kitabu cha Kiswahili cha mwanangu wa Gredi ya 6 kinasema sayari yenye pete ni Sarateni, na inayofuata, Uranus, ndiyo Zohali. Juzi nimesoma makala inayosema chombo cha Cassini kiliizunguka Zohali. Sasa kilikuwa wapi hasa? (Mzazi, Nakuru)

JIBU: Kilikuwa kwenye sayari yenye pete, na mwandishi wa makala hajakosea. Cassini kilifika huko Julai 2004, kikaizunguka kwa miaka 13, na Septemba 2017 kikatumbukizwa makusudi katika hewa yake, kikateketea. Sayari hiyo ni Zohali.

Jina limetoka kwenye Kiarabu, Zuhal, na limekuja pamoja na Utaridi, Zuhura, Mirihi na Mshtarii. Hizo tano huonekana kwa macho matupu, ndiyo maana watu wa kale walizipa majina. Hapo ndipo kitabu kinapokwama. Uranus haikujulikana kuwa ni sayari hadi 1781, William Herschel alipoiona kwa darubini huko Uingereza. Itaitwaje kwa jina la kale ambalo tayari lina mwenyewe?

Sarateni nayo ni saratani, yaani kaa: si sayari, ni moja ya buruji 12, yaani makundi ya nyota yanayotumiwa katika unajimu. (Ugonjwa wa saratani nao umepewa jina la kaa huyohuyo.) Nahisi mtu alisikia “Saturn”, akaona Sarateni inalingana nayo kwa sauti, akaibandika hapo. Zohali ikakosa makao, ikasukumwa hadi Uranus. Kausi, ambayo vitabu vingine huipa Neptuni, ni upinde, buruji nyingine tena. Neptuni yenyewe iligunduliwa 1846. Mimi huziacha kwa majina yao, Uranus na Neptuni. Ni chombo kimoja tu kilichowahi kuzipitia kwa karibu, Voyager 2, mwaka 1986 na 1989, kwa hiyo hata magazetini hazitusumbui sana.

Mtihanini mwanao aandike kama kitabu kinavyotaka, asipoteze alama. Nyumbani mwambie ukweli.

Na kwa kuwa umetaja makala hizo, kuna kosa moja dogo linalonikera: “Huygens kilitua kwenye mwezi wa Titan.” (Huygens ni chombo kidogo kilichobebwa na Cassini.) Tunasema mji wa Mombasa na mwezi wa Ramadhani, na hakuna anayechanganyikiwa. Lakini sayari huwa na miezi yake, hivyo msomaji atadhani Titan ni sayari na Huygens kilitua kwenye kitu kinachoizunguka. Titan ndiyo mwezi wenyewe. Andika: “Tarehe 14 Januari 2005, Huygens kilitua Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali, kikapiga picha ya mawe ya barafu yaliyoviringika kama kokoto za mtoni.”