Mbege inapokwisha Jumapili mchana: hesabu ya kufanya kabla ya kukopa mapipa

Dada uliyeuliza umeeleza kwamba unapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, huko Kibosho, Kilimanjaro, kwamba vyombo vyako vinatoa madebe 12 kwa siku, kwamba kila Jumamosi na Jumapili wateja wanaondoka bila kunywa, na kwamba umekubaliwa mkopo wa kununua mapipa 4 na kujenga banda la pili karibu na barabara kuu. Unataka kujua kama uuchukue. Jibu langu ni kwamba usiuchukue bado. Nilichukua mkopo unaofanana sana na huo mwaka 2016 nikiwa Marangu, nikaulipa kwa miaka 3 kwa fedha ya kahawa na ya ng'ombe wawili, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu.

Nianze na hesabu iliyonichelewa. Baada ya kuumia nilimwomba kijana aliyekuwa akihudumia wateja aandike kwenye daftari si yale tuliyouza tu, bali saa ambayo pombe ilikwisha na idadi ya watu waliofika baada ya hapo wakageuka. Tulifanya hivyo kwa wiki 4. Ukijumlisha kilichouzwa na kilichotakiwa kikakosekana, wiki ya kawaida ilikuwa hivi: Jumatatu madebe 5, Jumanne 5, Jumatano 6, Alhamisi ambayo kwetu ilikuwa siku ya soko 10, Ijumaa 8, Jumamosi 16 na Jumapili 20. Jumla ni madebe 70. Nami wakati huo nilikuwa na uwezo kama wako, madebe 12 kwa siku, yaani 84 kwa wiki. Maana yake ni kwamba nilikuwa na uwezo wa kupika kuliko mahitaji yote ya wiki nzima, na bado Jumapili saa 8 mchana watu walikuwa wanarudi nyumbani na kiu, huku Jumanne nikimwagia nguruwe pombe iliyochacha. Nilikuwa nakosa na kumwaga katika wiki ile ile, na macho yangu yaliona kukosa tu, kwa sababu mteja anayegeuka mlangoni anaonekana na kila mtu, lakini pombe inayomwagwa nyuma ya banda alfajiri haioni mtu isipokuwa wewe mwenyewe, na wewe mwenyewe hupendi kuikumbuka.

Kwa wale wasiojua upishi huu, nieleze kwa nini jambo hilo linawezekana. Mbege hufuata mwendo wa saa mbili za ukutani, moja ya ndizi na moja ya ulezi. Ndizi huvumbikwa mpaka ziive, zikapikwa kwa muda mrefu mpaka zigeuke rangi ya udongo mwekundu, kisha zikaachwa kwenye chombo zichachuke kwa siku kadhaa. Ulezi nao hulowekwa, ukaoteshwa kwenye gunia, ukaanikwa, ukasagwa, na unga wake ukapikwa uji tunaouita mso, ambao hutiwa msesewe, lile gome la mti linaloleta uchungu. Ndizi zikishachujwa na maji yake yakachanganywa na mso, kesho yake mbege inanyweka. Siku ya kwanza ni tamu na nzito, siku ya pili imekomaa na wazee wengi huipenda hivyo, siku ya tatu imekuwa kali kiasi cha kuchagua wanywaji, na ya nne haina mnunuzi. Basi angalia: saa ya ulezi ikishaanza kwenda haisimami, lakini saa ya ndizi ina subira. Ndizi zilizopikwa Jumatatu unaweza kuzichuja Jumamosi, na za Jumatano pia unaweza kuzichuja Jumamosi hiyo hiyo, ukipata maji mazuri kutoka kote kuwili, mradi vyombo vilikuwa safi na vilifunikwa vizuri.

Hapo ndipo dawa yangu ilipopatikana. Nilikuwa napika madebe 12 na kuchanganya madebe 12 kila siku, kama ibada, eti ili mikono isikae bure. Nilipoacha, nikawa napika ndizi za madebe 10 kila siku kwa utulivu, lakini nachanganya mso kwa kufuata kesho: usiku wa kuamkia Jumanne madebe 5, usiku wa kuamkia Jumapili madebe 20. Chombo nilichopungukiwa kilikuwa pipa 1 tu la kuchanganyia, kwa sababu madebe 20 ni lita 400 na vyombo vyangu vya kuchanganyia vilitosha madebe 12 tu. Nililinunua kwa mapato ya wiki chache. Kilichokuwa kigumu zaidi ni watu: kuchuja madebe 20 kwa jioni moja kunahitaji mikono 4 badala ya 2, na ilinibidi nikubaliane na mama mmoja jirani na binti yake waje Jumamosi tu kwa malipo ya siku. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu mapipa, dada yangu, hesabu mikono ya Jumamosi jioni, kuni na maji. Kwa wengi wetu mojawapo ya hivyo ndiyo huisha kwanza, na pipa la ziada litakaa tupu likivisubiri.

Sasa nisimulie huo mkopo, maana kosa langu lilikuwa la kupima kwa kipimo kibaya. Sisi wote tunajua Desemba ya Uchagani. Kuanzia karibu na tarehe 15 magari yanapanda mlima kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, kila ukoo una mbuzi wake, kuna ndoa, kuna kipaimara, na kwa wiki 3 hakuna mbege inayolala. Mwaka ule wateja wangu walitaka hadi madebe 30 kwa siku na sikuweza kuwatosheleza. Nikaingia kwenye taasisi moja ya mikopo nikiwa na daftari la Desemba mkononi, na ofisa aliyenihudumia hakuuliza ukurasa wa Februari, wala mimi sikumwonyesha. Niliwekeza kwenye banda la pili huko chini, njia ya kuelekea Himo, nikiamini kwamba barabara ina watu wengi kuliko kijiji.

Mambo mawili yalinishinda. La kwanza ni Januari yenyewe: wageni wameondoka, na waliobaki wana ada za shule mbele yao, hivyo hata mnywaji wa kila siku anakunywa kwa kuhesabu. La pili ni njia. Mbege inayopakiwa alfajiri kwenye pipa la plastiki na kuteremshwa kwa gari kwenye barabara ya mitikisiko haifiki kama ilivyotoka. Inafura, inasukuma kifuniko, ulezi unajitenga na maji, na kule chini kuna joto kuliko huku mgombani, kwa hiyo ile siku ya pili niliyoitegemea haikuwapo kabisa. Nakumbuka asubuhi moja nilifungua pipa mbele ya wateja watatu, povu likamwagika mpaka miguuni, na mzee mmoja akachota kidogo kwa kata, akainusa, akairudisha kwenye pipa bila kusema neno. Hakurudi tena. Katika wiki moja ya Januari nilimwaga madebe 41, na riba ilikuwa imekwisha kuanza kuhesabiwa tangu siku niliyotia saini.

Ndugu mmoja amejibu hapo juu kwamba woga hautajenga biashara, na ametoa mfano wa viwanda vidogo vya bia vya Marekani vilivyokua kwa kujipanua haraka. Mfano huo ni mzuri, lakini una upande wake wa pili. Kampuni ya Green Flash ya San Diego, California, ilifungua kiwanda kikubwa upande wa pili wa nchi, Virginia Beach, mwishoni mwa mwaka 2016, ikakifunga mapema mwaka 2018, na mwaka huo huo benki iliyoikopesha ikachukua mali zake na kuziuza. Stone, nayo ya eneo hilo hilo la San Diego, ilifungua kiwanda Berlin mwaka 2016 na mwaka 2019 ikakiachia kampuni ya BrewDog ya Uskoti. Hao walikuwa wanatengeneza bia ya kopo na chupa inayokaa miezi, wana vyumba vya baridi na wataalamu wa masoko, na bado uwezo wa kuzalisha ulipotangulia wanywaji, gharama za jengo tupu ziliwashinda. Sisi tunatengeneza kinywaji cha siku 2 au 3. Nafasi yetu ya kukosea ni ndogo mara nyingi zaidi kuliko yao.

Simaanishi kwamba fedha ya kukopa haina kazi katika upishi wa mbege. Ina kazi, na mahali pake kwa maoni yangu ni ulezi. Ndizi unaweza kuzipata mwaka mzima, ingawa miezi ya ukame mikungu inakuwa midogo na malori ya Dar es Salaam yanapandisha bei, na miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ndizi zinachelewa kuiva hata ukizivumbika vizuri, hivyo lazima ununue siku kadhaa mapema zaidi. Mimi nimemaliza tatizo la ndizi kwa kuwa na wakulima 9 wa kudumu ninaowalipa sehemu ya fedha kabla ya mkungu kukatwa, kwa sharti kwamba hawauzi kwa mwingine wiki ile. Kwa upande wa ndizi kuna hatari moja kubwa, nayo ni mnyauko, ugonjwa unaokausha migomba, kwa sababu shamba likishaingiwa hulirudishi kwa msimu mmoja, na ndiyo maana sitaki wakulima wangu wote wawe wa kitongoji kimoja.

Ulezi ni habari nyingine. Mwingi tunaoutumia unatoka mbali, mikoa kama Rukwa, unavunwa katikati ya mwaka, na bei yake mwezi wa 12, wakati kila mpishi wa mlimani anautaka, haifanani na bei ya Agosti. Mungu ametupa nafaka hii na sifa moja ambayo mahindi hayana: wadudu wa ghalani huishambulia kwa nadra, na ikihifadhiwa kavu inakaa muda mrefu bila dawa. Mpishi mwenye magunia ya miezi 6 ndani tangu Agosti ameshapanua biashara yake bila kuongeza hata sufuria moja, kwa sababu Desemba anapika kwa gharama ya Agosti. Jihadhari tu na ulezi wa zamani ambao mbegu zake zimekufa, kwa kuwa usioota hautoi kimea, na bila kimea mso haufanyi kazi yake. Mimi huchukua punje 100 kutoka katikati ya gunia, nikazilaza kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku 3, nikazihesabu. Zikiota chini ya 80 sinunui, hata muuzaji ashushe bei namna gani.

Swali lako la mwisho lilihusu chupa, kwamba labda ukifunga mbege kwenye chupa utaweza kuuza mjini Moshi na hata Dar es Salaam. Hapo unaingia kwenye biashara nyingine kabisa, na ni vizuri ulijue hilo kabla ya kuanza. Mbege iliyo hai ukiifunga itaendelea kuchachuka ndani na chupa itapasuka. Ukiichemsha ili isimame, unapoteza ule uhai ambao mteja aliufuata. Kampuni ya Banana Investments ya Arusha imeuza mvinyo wa ndizi wa chupa kwa miaka mingi, lakini mnywaji wa mbege hawezi kukwambia kwamba hicho ndicho alichokuwa anakitafuta kilabuni. Kisha kuna alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu mwaka 2019 ndio wenye jukumu la usalama wa chakula lililokuwa la TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, na kuna stempu za kielektroniki za ushuru za TRA, yaani mamlaka ya mapato. Hayo yote yanawezekana, na ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani inashauri watu wanaoanza, lakini usiyaweke kwenye mkopo mmoja na mapipa ya kilabu, kwa sababu kimoja kikikwama kitakizamisha kingine.

Kwa hiyo, anza Jumatatu ijayo. Chukua daftari la safu 5: kilichochanganywa, kilichouzwa, saa kilipokwisha, waliogeuka baada ya hapo, na kilichomwagwa. Andika kwa wiki 4 zisizo na sikukuu, na wanaokunywa kwa deni uwaweke kwenye ukurasa wao, kwa sababu deni lililokaa zaidi ya mwezi mmoja sikulihesabu kamwe kama mauzo na nakushauri nawe usilihesabu. Ikiwa jumla ya wiki, pamoja na waliogeuka, imepita madebe 84, uwezo wako kweli umekwisha na tutazungumza habari ya mapipa mangapi na banda liwe wapi. Ikiwa iko chini ya hapo, mweleze ofisa wa mkopo kwamba unahitaji kiasi kidogo zaidi, kitolewe Julai, kwa ajili ya magunia ya ulezi na pipa 1 la kuchanganyia. Ukishazipata hizo namba ziweke hapa, nami nitakaa nizipitie pamoja nawe safu kwa safu.